Jicho la Zambarau

Kadi ilikuwa ndogo, imechapwa kwa herufi safi, na ilikuwa imeegemezwa kwenye kitabu changu. Iliandikwa hivi: "Kitabu cha kutambulia ndege, toleo la zamani. Hali yake: kimechakaa. Kina madoa ya rangi, yumkini yametiwa na watoto." Niliisoma mara mbili ikiwa mezani. Mara ya tatu niliisoma ikiwa mkononi mwangu, na nilipomaliza sikuirudisha. Niliitia kwenye mkoba. Ninayo mpaka leo.

Kitabu hicho ni changu, na nitaeleza kilivyonifikia.

Nimevuka arobaini. Nilisoma mpaka kidato cha nne nikaishia hapo, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu. Nimepika kwenye kambi ya wakata mkonge. Nimeuza mitumba Horohoro, mpakani. Nimefua mashuka ya wageni Pangani. Nimelea watoto wa chekechea Muheza mpaka walipomleta mwalimu mwenye cheti. Watu wangu huniuliza nakimbia nini, nami huwaambia sikimbii, natembea. Kila ninapohama nina sanduku moja la bati. Nguo za ndani yake hubadilika na vyombo hubadilika, ila vitu viwili havijabadilika: mkeka wa Bibi, na kitabu cha ndege kilichofungwa kwenye kipande cha kanga.

Kitabu kilikuja kwa njia ya Babu. Kabla ya uhuru Babu alikuwa mchuna ndege wa Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Maramba. Mzungu alipiga, Babu akachuna. Mimi kazi hiyo sikuiona, nilisimuliwa. Unapasua tumbo kwa wembe, unavua ngozi pamoja na manyoya yake kama mtu anavyovua soksi iliyolowa, unatoa nyama yote, unapaka dawa nyeupe yenye sumu ili wadudu wasiile, unajaza pamba, unashona. Macho unayang'oa kwa sababu macho huoza. Mahali pake unaweka pamba. Kisha unafunga uzi mguuni wenye kikaratasi, na kwenye kikaratasi unaandika ndege aliuawa wapi, na jicho lake lilikuwa na rangi gani. Hilo la jicho huandikwa kwanza, ndege angali na joto. Ukichelewa rangi imekwisha kwenda zake, na hakuna wa kuirudisha.

Ngozi zile zilipakiwa kwenye masanduku zikapelekwa Ulaya. Huko kulikuwa na mchoraji ambaye hajawahi kukanyaga Tanga. Alizipanga mezani kwake, akachora. Vitabu vingi vya mwanzo vya ndege wetu vilitengenezwa hivyo: ndege aliyelala chali na pamba tumboni alisimamishwa kwenye tawi la kubuni, akageuzwa kichwa upande, akatiwa jicho. Kikaratasi kikiwa kimepotea, au kimeandikwa jambo ambalo mchoraji hakulielewa, jicho lilitiwa rangi ya kahawia na nukta nyeupe ya kulifanya ling'ae, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Aliyekuja baadaye kuandika kitabu kipya alinakili cha kwanza, na kosa likapata watoto na wajukuu.

Babu hakupoteza kikaratasi hata kimoja. Lakini kuna shore mmoja wa vichaka vya pwani, ambaye hata nyuma ya nyumba za Ngamiani ukitulia utamsikia. Mwili wake wote ni rangi ya jani lililochoka. Hana kishungi, hana mstari, hana doa. Ukimchukua ngozi yake tu huna cha kumtambulia. Alama yake ni jicho. Jicho lake ni jeupe lenye umanjano, na hukutazama kutoka kivulini kama tone la samli. Kwa hiyo Babu aliandika kwenye kikaratasi: jicho, samli. Mzungu akapitisha wino juu ya neno hilo, akamwambia samli si rangi, samli ni mafuta. Babu akasema basi bwana aiite atakavyo, ila asiiache bila jina. Mzungu alikuwa na ndege wengine thelathini wa kuandika siku hiyo. Kikaratasi kilisafiri hivyohivyo, neno limekatwa na lingine halikuandikwa.

Miaka kadhaa baadaye kitabu kilichapishwa, na Mzungu, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwao, alituma nakala moja kwa posta. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa mkono kwamba anamshukuru mchunaji wake mwaminifu. Jina la Babu halikuwapo. Babu hakulitafuta jina lake, alimtafuta shore. Akamkuta amesimama kwenye tawi, amechorwa vizuri kila unyoya, na jicho la kahawia.

Bibi alisema Babu alikaa na kitabu magotini mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Huyu wamemuua mara ya pili."

Bibi alikuwa msuka mikeka. Alizaliwa upande wa pwani ya Mtang'ata, akaolewa na Mbondei juu kule, na watu wa pande zote mbili walisema ndoa haitadumu. Ilidumu mpaka kifo. Kwenye kiambaza chake alipanga vikopo vya rangi ya ukindu, ile ya unga inayouzwa kwa vijiko madukani Ngamiani: nyekundu, kijani, manjano, zambarau. Alichukua manjano kidogo sana, akaichanganya na chokaa na maji, akachonga ncha ya unyoya wa kuku, akamwambia Babu amshikie kitabu kisitikisike. Akatia nukta moja kwenye jicho la shore. Wakaketi kuitazama ikikauka.

"Haya," alisema Bibi, "sasa anaona."

Baada ya hapo hawakuweza kuacha. Walikipitia kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, kwa miaka mingi. Tipitipi alikuwa na jicho jeusi kitabuni. Wao walimjua kwa jicho lake jekundu kama punje ya komamanga, wakamrudishia. Wengine walikuwa wametiwa miguu ya kahawia wakati miguu yao ni myekundu, wakatiwa rangi nyekundu ya ukindu miguuni. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na Bibi hakujua kusoma hata Kiswahili. Lakini alisema waandishi wa kitabu hawakujua kusoma ndege, kwa hiyo wamelingana.

Ili kazi isiwe mchezo aliweka sheria mbili, nazo nilizikuta nilipozaliwa kama nilivyozikuta sheria za kula kwa mkono wa kulia. Ya kwanza: hulitii rangi jicho ambalo halijakutazama. Kusikia sauti hakutoshi, kumwona akiruka hakutoshi. Lazima ndege ageuze kichwa, na wewe ulione jicho nalo likuone. Ya pili: mashahidi wawili. Aliyetia rangi alipiga kistari kimoja cha penseli pembeni mwa picha, na mtu mwingine aliyewahi kutazamwa na ndege yuleyule alipiga cha pili. Kama shahidi wa pili hajapatikana, nafasi yake husubiri. Majirani walikuja kupiga vistari vyao. Kulikuwa na nyumba ya Wakatoliki waliokuja na kazi ya mkonge kutoka mbali, kulikuwa na Wasambaa walioshuka na ndizi siku za soko, na wote walisimama ukumbini kwetu wakibishana juu ya jicho la kororo kama watu wanaobishana juu ya shamba. Asiyekuwa na hakika hakupewa penseli.

"Ndoa ya shahidi mmoja ni uhuni," Bibi alikuwa akisema, na wanawake wakacheka, na Babu akajifanya hakusikia.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu Babu alikuwa amekwisha kufariki. Kaka yangu mkubwa alikuwa na macho mawili kitabuni, la hondohondo na la kororo, na alinikumbusha jambo hilo kila siku. Mimi sikuwa na hata moja. Ndege niliowaona mimi walikuwa wamekwisha kutiwa na watu wengine. Na nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari Tanga mjini. Nilikuwa napelekwa kuishi kwa shangazi Ngamiani baada ya wiki mbili. Niliona kwamba nikiondoka bila jicho sitakuwa nimewahi kuishi nyumba ile.

Kulikuwa na picha moja ambayo hakuna aliyeigusa. Ndege mfupi wa chini, karibu hana mkia, mgongo wa kijani, kifua rangi ya maji ya kunde, vipande vya buluu mbawani na wekundu chini ya mkia. Bibi hakuwa na jina lake. Alisema ni mgeni, huja mvua zikikaribia, hukaa vichakani kwenye majani makavu, na mtu anaweza kuzeeka asimwone. Mimi nilikwenda nyuma kwenye mipera, nikakaa muda niliodhani unatosha, nikarudi mbio nikihema.

Nilimwambia nimemwona.

"Lilikutazama?" aliuliza. Alikuwa anasuka, hakuinua macho.

"Ndiyo, Bibi."

"Jicho lake rangi gani?"

Sikuwa nimefikiri mpaka hapo. Nilitazama vikopo kiambazani. Ndege mwenye rangi zote zile, nikaona, anastahili ile iliyobaki.

"Zambarau."

Mikono yake ilisimama kidogo kwenye ukili. Kisha ikaendelea. "Ehe," alisema. "Mke mwenzangu ana bahati. Mimi nimemaliza meno yangu hapa sijatazamwa na jicho la zambarau."

Alinipa unyoya. Nilitia nukta, nikapiga kistari changu, nikaisogeza penseli upande wake. Hakuigusa. Nilimuuliza shahidi wa pili ni nani. Akasema shahidi atakuja. Nilikwenda Ngamiani nikiwa na furaha ya wiki nzima, na baada ya wiki hiyo sikuwa na furaha nayo tena.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Nilipofika matangani kaka yangu alinipa kitabu, akasema yeye hana kazi nacho, ana redio. Kwa hiyo kitabu kikawa changu, na uongo wangu ukawa ndani yake. Miaka mingi baadaye, Pangani, mgeni mmoja aliacha kitabu kipya cha ndege juu ya kitanda. Kilikuwa cha kutia mfukoni, picha ndogondogo zimepangwa nane kwa ukurasa, ndege wote wanaelekea upande mmoja kama abiria wa kivuko. Nilikuwa na mashuka mkononi. Nikamtafuta yule wa majani makavu, nikamkuta. Jicho lake lilikuwa la kahawia iliyoiva. Yaani ukurasa ule mmoja, mchoraji wa Ulaya asiyewahi kumwona alikuwa amepatia kwa kahawia yake, na mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa nimeharibu. Nilikunja mashuka nikatoka. Sikumwambia mtu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka jana niliposikia redioni kwamba Chumbageni kutakuwa na maonyesho ya historia ya vitabu vya ndege, na mwenye kitabu cha zamani anaombwa akilete. Nilikuwa Pangani tena. Nilifunga sanduku.

Aliyepokea vitabu alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi kutoka Dar es Salaam, mwenye shahada na adabu. Aliniamkia shikamoo, akakipokea kitabu kwa mikono miwili, akavaa glavu nyeupe kabla ya kukifungua. Alifurahi. Aliniambia nakala kama hii ni adimu sana. Nilimweleza kwa kifupi habari za Babu na Bibi, naye akawa anaitikia kwa kichwa, na mimi nikadhani anasikiliza. Siku tatu baadaye, siku ya kupanga, nilirudi kuona kimewekwa wapi, nikaikuta kadi.

Nilimwuliza watoto gani. Alisema, kwa upole, kwamba lile ni neno la kitaalamu tu la kueleza hali, na kwamba nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa amekwisha kuzungumza na fundi wa vitabu Dar ambaye ana dawa ya kutoa madoa ya namna hii. Kitabu kitarudi kama kilivyotoka kiwandani. Kwa sasa watakifungua ukurasa ulio safi.

Ukumbi ulikuwa na mbao za maelezo ukutani, na nilikuwa nimezisoma zote nikimsubiri. Ubao wa kwanza ulieleza vitabu vya zamani kabisa, vikubwa kama mlango wa kabati, ambavyo mtu hangeweza kwenda navyo porini hata kwa punda. Ulisema kwamba picha zake zilichapwa kwa wino mweusi tu, na rangi zilitiwa kwa mkono, moja moja, na wanawake waliokaa kwenye meza ndefu. Huyu alitia nyekundu, akampa wa pili atie buluu. Majina yao hayajulikani. Ubao ulimalizia kwa kusema kazi yao ni hazina.

Nilimshika mkono wa shati nikampeleka mpaka kwenye ubao ule.

"Hawa waliona ndege?" nilimwuliza.

"Hapana, mama. Walifuata kielelezo."

"Bibi yangu aliona. Wale ni hazina, huyu ni doa. Nieleze tofauti yao, nami nitakwenda zangu."

Hakuwa mjinga, na sitaki nimfanye mjinga hapa. Alirudi mezani, akafungua kitabu, akatafuta kwa uangalifu. Alijua anachotafuta. Aligeuza ukurasa upande wangu na kuweka kidole cha glavu chini ya picha.

"Na hili? Mama, hakuna ndege wa aina hii duniani mwenye jicho la zambarau. Kama hili ni la kubuni, nitajuaje kwamba mengine si ya kubuni? Mtu atakayekuja kuangalia nitamwambia nini?"

Nimepita mahali pengi na nimesema uongo mwingi mdogo wa msafiri. Nimesema nina mume, nimesema nina ndugu polisi. Uongo ule ulikuwa umenisubiri zaidi ya miaka thelathini ukurasa huo. Ningeweza kumwambia ndege yule wa kwetu yuko hivyo. Angeandika pembeni ya kadi yake kwamba mwenye kitabu anashikilia, tukaishia hapo, na fundi wa Dar akaja na dawa yake akayafuta yote, la samli na la komamanga na la zambarau, kwa sababu yote yametoka kwenye vikopo vilevile.

"Hilo ni langu," nilisema. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikumwona. Nilimdanganya bibi yangu."

Akainua mabega kidogo, kama mtu anayesema unaona basi.

"Sasa hesabu vistari," nilimwambia.

Hakuelewa. Nilimwonyesha kile kimoja cha penseli pembeni mwa jicho langu. Kisha nikamrudisha nyuma: tipitipi, vistari viwili. Hondohondo, viwili. Shore, viwili, kimoja cha Babu kimekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Nikamweleza sheria ya mashahidi. Nilipokuwa namweleza ndipo nami nilipolisikia jambo ambalo nilikuwa nimebeba kwenye sanduku la bati miaka yote ile bila kulisoma. Bibi alijua. Alijua tangu mikono yake iliposimama kwenye ukili. Hakunipiga, hakunitangaza kwa majirani. Aliniacha nitie jicho langu, na akakataa kulitolea ushahidi. Kitabu chake kilikuwa na njia ya kumwambia atakayekuja baadaye: hili msiliamini bado.

Kijana alivua glavu. Alitoa kitabu kipya mfukoni, akakiweka kando ya changu, akaanza kulinganisha. Alikwenda polepole. Kila jicho lenye vistari viwili alilikuta liko vilevile, au karibu sana kadiri rangi ya ukindu iwezavyo. Alipofika kwa shore alisimama. Nilimwona akimtazama yule ndege asiye na alama yoyote, mwenye tone moja la manjano na chokaa.

"Hizi alama nilikuwa nimeziandika kama uchafu wa penseli," alisema.

"Najua ulivyoandika."

Nikatoa penseli kwenye mkoba. Alipoona nakikaribia kitabu alinyoosha mkono kunizuia, akaniambia mama, tafadhali, hiki ni kitu cha kale. Nikamwambia ni changu. Nikaandika chini ya jicho la zambarau, kwa mwandiko wa kidato cha nne ambao sijautumia sana: Hili niliongopa. Sikuandika zaidi. Kwenye vitabu vyote vilivyokuwa ukumbini siku ile, na vilikuwa vizuri, vya ngozi na vya dhahabu ukingoni, vimejaa macho ya watu ambao hawakuwahi kutazamwa, hakuna hata kimoja ambacho mchoraji wake ameandika maneno hayo.

Kijana alikwenda kupiga simu. Alizungumza nje muda mrefu, na aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyebishana akashindwa. Wakubwa zake walikuwa wamesema wazi: kiwekwe kwenye kabati la kioo kikiwa kimefunguliwa ukurasa safi, au kisiwekwe. Kadi angeweza kuibadilisha maneno kidogo. Alisema yeye ametumwa tu.

Nilikifunga kitabu kwenye kanga yake. Nilimwambia awaambie wakubwa zake kwamba ukurasa safi wa kitabu kile ndio ukurasa mchafu.

Sikurudi Pangani siku ile. Kesho yake asubuhi maonyesho yalipofunguliwa nilitandika mkeka wa Bibi nje, pembeni mwa lango, upande wa barabara ambako hakuna mwenye mamlaka isipokuwa jua. Nikakiweka kitabu wazi juu ya mto. Mlinzi alikuja akaniuliza ninauza nini. Nikamwambia siuzi, naonyesha. Akaniuliza kibali. Nikamuuliza kama anamjua tipitipi. Alichuchumaa.

Nilikaa pale siku tatu. Walioingia ndani walikuwa wachache, wamevaa vizuri. Walioshuka baiskeli nje walikuwa wengi. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapeleka maandazi dukani alitua beseni lake na kusema kororo kwao Mkinga jicho lake jekundu zaidi ya hilo. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akamwambia mama huyo anachanganya na kanga wa kufugwa, akajibiwa kwamba yeye ndiye aliyechanganya, labda na mama mkwe wake. Nilimpa mama wa maandazi penseli baada ya kumuuliza lile swali, naye alijibu bila kusita kwamba lilimtazama, tena kwa dharau. Kororo sasa ana vistari vitatu. Wengi walifika kwenye jicho la zambarau, wakasoma niliyoandika, wakaniangalia. Mmoja alicheka. Mmoja akaniuliza kwa nini nisilifute tu. Nilimwambia kila aliyefuta kitu kwenye kitabu hiki alikuwa na sababu nzuri.

Hakuna aliyemwona ndege yule wa majani makavu. Nilimwuliza kila mtu. Kistari changu kimebaki peke yake.

Siku ya tatu, saa saba mchana, yule kijana alitoka na chakula chake kwenye kontena la plastiki. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka. Alikula kidogo. Akasema ndani wameingia watu wachache kuliko walivyotegemea. Nikasema pole, na nilimaanisha. Akazifunua kurasa mwenyewe, bila glavu, akasimama kwa shore.

"Naweza kupiga kistari hapa?" aliuliza. "Huyu namjua vizuri. Nimeandika habari zake."

Nilikuwa nimeishika penseli. Ningefurahi kumpa, alikuwa ametetea kitabu kwenye simu, na nilijua limemgharimu.

"Lilikutazama?" nilimwuliza.

Alifungua mdomo. Nilimwona akipita kichwani kwenye darubini zake, kwenye picha zake, kwenye ngozi alizoshika darasani zenye pamba machoni. Ilimchukua muda, na ningemwamini zaidi kwa muda ule kuliko kwa shahada.

"Hapana," alisema. "Nimemsikia mara nyingi. Jicho nimeliona kwenye vitabu."

Niliirudisha penseli kwenye mkoba. Hakukasirika. Nilimwonyesha kichaka kilichokuwa nyuma ya ukumbi, kando ya ukuta, ambako shore walikuwa wakipiga kelele tangu asubuhi ya kwanza. Nikamwambia akae chini, asitafute, atulie tu, maana wao ndio hutafuta. Aliacha chakula chake kwenye mkeka akaenda peku.

Nilimsubiri. Basi langu lilikuwa saa tisa, nikaliacha liende.